Kusheni ya Kikorea: Dar ilinikubali, Mbeya inanipa uso wa majivu. Tatizo nini?

#1 Binti wa Uyole (mleta uzi)
Habari zenu wadau. Wenye uzoefu na mekapu za Kikorea naombeni msaada maana hela yangu inauma.

Iko hivi. Mwezi wa tano nilikuwa Dar kwa dada yangu, akanipaka kusheni yake, ile faundesheni inayokaa kwenye kikopo chenye kioo, ndani kuna sponji imelowa, unabonyeza na pafu halafu unajigongagonga usoni. Jamani nilivyojiona nilinyamaza. Ngozi inang'aa kama nimetoka kuoga sasa hivi, madoa ya chunusi siyaoni, na jasho lote lile la Dar mpaka jioni uso uko vilevile. Nikasema hii siachi. Nikaenda dukani nikanunua ya kampuni ileile, namba 23, na lipu tinti mbili juu, jumla elfu tisini na ushee, nikapanda basi nimevikumbatia kama katoto.

Sasa huku nikijipaka asubuhi, daladala halijafika hata Nanenane uso umeshakuwa kijivu, pembeni ya pua inameguka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Tinti nazo zinashika kwenye magamba ya mdomo tu, pengine hakuna kitu. Juzi bosi kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi ya wiki ijayo nina sendofu ya shosti wangu Tukuyu na mimi ni matroni. Nisaidieni kabla sijaaibika.

#2 Ulanzi Mbichi
Nimeona kusheni nikajua uzi wa makochi. Nimepotea njia samahanini.

#3 Mpiga Debe Kabwe
"Unabonyeza na pafu"?? Mapafu nayo siku hizi yanapaka mekapu? Mimi najua mapafu ya ng'ombe kwenye supu.

#4 Parachichi la Njombe
Wanaume mpiteni kimya bwana, mtu ana shida.

Dada pole. Hiyo ni baridi tu wala usihangaike kutafuta mchawi. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu hewa ni kavu, upepo unanyonya maji yote kwenye ngozi, sasa ukipaka kitu chenye maji juu ya ngozi yenye kiu, ngozi inakunywa yale maji halafu rangi inabaki peke yake juu kama vumbi. Dar hewa yenyewe imelowa, ndo maana iling'aa. Mimi hapa Njombe kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane sigusi faundesheni yoyote, najipaka losheni nzito na wanja, basi. Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza narudi mjini kimekapu.

#5 Fundi Mekapu Miomboni
Naomba nichangie, hii ndo kazi inayonilisha hapa Iringa.

Parachichi kasema kweli lakini nusu. Mimi napaka maharusi mwaka mzima, wa Julai na wa Desemba, na wa Julai hawameguki. Tatizo kubwa ninaloliona kwa wateja wangu ni mafuta ya mgando. Mtu katoka kuoga asubuhi kwa baridi hii kajipaka mgando uso mzima mpaka anateleza, halafu anataka faundesheni ikae. Itakaa wapi? Inaelea. Baada ya nusu saa inajikusanya kwenye mikunjo na pembeni ya pua, halafu akiona inateleza anachukua poda anajimwagia juu, na mara nyingi ni poda ya mtoto ile nyeupe, hapo lazima uwe majivu.

Mleta uzi jibu maswali matatu: unapaka nini kabla ya kusheni? Juu unamalizia na poda gani? Na ile ya dada yako ni namba ngapi?

#6 Binti wa Uyole
Fundi umeniona wapi? 😭 Chini mgando. Juu poda ya mtoto, ya mwanangu kabisa, nachota kidogo. Namba ya dada sijui, nitamuuliza.

#7 Fundi Mekapu Miomboni
Kesi imeisha.

#8 Kipunji
Haijaisha Fundi, tusikimbilie hukumu. Poda ya mtoto nakubali, ni nyeupe na kijivu kinaanzia hapo. Mgando nao nakubali unaharibu, ila sababu sio kuelea. Kusheni nyingi za Kikorea zimetengenezwa kwa vijitone vya maji ndani ya silikoni na mafuta, yaani upande wa nje wenyewe ni wa mafuta. Ukiweka juu ya mgando hazielei, zinachanganyika nao, ule utando uliotakiwa kukauka ushike ngozi haukauki, unabaki laini na kila ukigusa unahama.

Ila hata ukiondoa mgando na poda, bado namba 23 ni namba 23. Kwa Wakorea namba zinapanda na rangi: 13 na 17 weupe sana, 21 mweupe wa kawaida, 23 wa kati kwa macho yao, 25 na 27 wameiva kidogo. Kwa miaka mingi ukiingia duka la Seoul unakuta 21 na 23 tu, basi, chagua. "Wa kati" wa Seoul sio wa kati wa Uyole.

#9 Chai ya Rungwe
Mungu wangu. Kumbe zile namba ni rangi?

#10 Kipunji
Wewe ulidhani nini?

#11 Chai ya Rungwe
Umri 🙈 Mimi nina miaka 22, muuzaji kaniambia kuna 21 na 23, nikaona nichukue 23 nitaifikia.

#12 Mpiga Debe Kabwe
Nimeshuka kwenye bajaji nicheke vizuri. "Nitaifikia" 😂😂😂

#13 Ulanzi Mbichi
Sasa mama mkwe wangu ana 61 apakwe ipi? Wamletee kwa oda maalumu?

#14 MamaGift wa Mafinga
Mwacheni mtoto jamani, hata mimi nisingejua. Muuzaji ndo alitakiwa aseme.

#15 Mkorea wa Makambako
Hilo la namba mbili limebadilika wakuu, msikariri. Mwaka 2024 kuna YouTuber mweusi wa Marekani anaitwa Miss Darcei alikuwa anajaribu kusheni ya kikopo chekundu ya TIRTIR, kampuni ya Kikorea, kwenye vidio zake, shedi yao nyeusi kuliko zote ikawa bado nyeupe kwake, video zikasambaa, kampuni ikaongeza shedi zikafika 20, baadaye 30, na ikaendelea kuongeza. Kwa hiyo za kutufaa zipo siku hizi, shida ni kwamba hazifiki madukani kwetu, wafanyabiashara wanaleta 21 na 23 kwa sababu ndizo zinazojulikana.

Na mleta uzi, kusheni sio kitu cha jana, ilianza 2008 na IOPE, chapa ya AmorePacific. Wazo walilitoa kwenye muhuri wa maegesho ya magari, ule wenye sponji iliyolowa wino, mtu akaona mbona wino haumwagiki na unatoka kiasi kilekile kila ukigonga. Ndo maana kusheni unagonga. Ukisugua umekosea.

#16 Mpiga Debe Kabwe
Kwa hiyo dada zetu wanajigonga muhuri usoni kama risiti ya stendi. Sawa.

#17 Mjukuu wa Loleza
Mimi sizipendi kusheni, natumia BB krimu, ni ya Kikorea ileile ila nyepesi zaidi na haina makuu. Wakorea ndo waligundua BB krimu, wanajua wanachofanya.

#18 Kipunji
Mjukuu, Wakorea waliifanya iwe maarufu tu. Aliyeianzisha ni daktari wa ngozi wa Ujerumani, Christine Schrammek, miaka ya 1960, alikuwa anawapaka wagonjwa waliotoka kuambuliwa ngozi kitaalamu, ipoe na ifunike wekundu. Ilikuwa dawa kwanza.

#19 Mjukuu wa Loleza
Haya mwalimu. Iko hapa kabatini na inanikubali, Ujerumani au Korea shauri yao.

#20 Mzee wa Kitonga
Mimi ni dereva wa masafa, nina jambo. Mnajua pakiti za krisps zikitoka Dar zikifika juu zinavimba? Ukipandisha Kitonga unazisikia zinakaza, ukifika Makambako zimekuwa mipira. Hewa ya juu ni nyepesi, ile iliyofungiwa ndani inasukuma. Mke wangu aliniagiza losheni Kariakoo, alivyofungua kifuniko nyumbani ikamrukia kwenye kitenge. Sasa hako kakopo nako kimepanda kutoka baharini mpaka mita 1,700 huko kwenu, ndani kitakuwa salama kweli? Labda zile rangi zilishaachana na maji njiani.

#21 Parachichi la Njombe
Anko hii nimeipenda. Mimi losheni zote za chupa ya kubonyeza zinanitemea nikitoka nazo Dar.

#22 Kipunji
Kuvimba ni kweli kabisa, lakini kuvimba hakubadilishi rangi. Kusheni inavuja kidogo pembeni, unafuta, basi. Kinachobadilika na mwinuko zaidi ni jua. Shirika la Afya Duniani linasema kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya UV inaongezeka karibu asilimia 10. Mbeya baridi inatudanganya, unavaa sweta huku jua linakuchoma mashavu. Wengi wenye mabaka ya kahawia mashavuni huku wanalaumu sabuni.

#23 Mzee wa Kitonga
Nashukuru. Lakini mimi bado nipo kwenye hewa.

#24 Mkemia wa Iyunga
Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mmeligusa jua, na kijivu kinatoka hukohuko. Kusheni nyingi zina SPF, yaani kinga ya jua, na kinga yenyewe mara nyingi ni titaniamu daioksaidi au zinki oksaidi. Titaniamu daioksaidi ni unga mweupe, ni uleule wanaotia kwenye rangi nyeupe za ukuta. Rangi ya faundesheni inatengenezwa kwa huo mweupe ukichanganywa na oksaidi za chuma, za njano, nyekundu na nyeusi. Shedi nyeupe ina mweupe mwingi. Ukiweka utando mweupe mwembamba juu ya ngozi nyeusi, jicho linaona kijivu au buluu kwa mbali, sawa na moshi ukiutazama mbele ya mlima. Hapo hakuna baridi wala mgando.

Na wenye kutegemea SPF ya kusheni iwe sanskrini: ile namba wanaipima kwa miligramu 2 kila sentimita moja ya mraba. Hakuna anayejipaka kusheni nzito hivyo, ukifika hapo wewe ni kinyago.

#25 Fundi Mekapu Miomboni
Mkemia, mbona Dar hakuwa kijivu? Titani ilibaki Chalinze?

#26 Mpiga Debe Kabwe
Uzi umeanza kunoga.

#27 Mkemia wa Iyunga
Dar alipakwa ya dada, hajatuambia namba. Tungoje.

#28 Biashara Tunduma
Habari, kwa mahitaji ya kusheni, seramu, tinti orijino kutoka Korea kabisa bei ya jumla na rejareja tupo Tunduma mzigo unatumwa na basi unapokea siku hiyohiyo karibuni inboksi

#29 Ulanzi Mbichi
Orijino ya Korea imepitia Nakonde ikapigwa muhuri na shangazi.

#30 Mkorea wa Makambako
Hapo ndo penyewe, feki. Hakuna aliyegusa hili. Mleta uzi geuza boksi, angalia palipopigwa tarehe. Wakorea wanaandika mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Ukiona tarehe imefuatwa na 까지 maana yake "hadi", ndo mwisho wa matumizi. Ukiona 제조 hiyo ni siku iliyotengenezwa. Halafu angalia kile kichoro cha kopo lililofunguliwa kilichoandikwa 12M, ni miezi 12 tangu ufungue. Wanaochapa feki wengi wanakosea hizi herufi, zimepinda au zinasugulika na kidole.

#31 Binti wa Uyole
Nimeangalia kwa tochi ya simu. Imeandikwa tarehe ya 2023 mwezi wa 11. Moyo umenilipuka, si imeisha muda tangu zamani!

#32 Mkorea wa Makambako
Usilie kwanza, pembeni ya tarehe kuna herufi gani? Mbili za kwanza nilizokuandikia au za pili?

#33 Binti wa Uyole
Za pili. Ile ya kwanza inafanana na nyumba yenye paa halafu kijiti.

#34 Mkorea wa Makambako
Basi hiyo ni siku iliyotengenezwa. Ya kuisha muda itakuwa sehemu nyingine au haijaandikwa kabisa wakaweka ile 12M. Haijakuambia kwamba sio feki lakini haijaoza kwa hesabu hiyo.

#35 MamaGift wa Mafinga
Mwanangu hiyo lugha umesomea chuo gani?

#36 Mkorea wa Makambako
Tamthilia mama. Zilizotafsiriwa nilizimaliza, ikabidi niingie zenye maandishi.

#37 Mjukuu wa Loleza
Hizi feki TFDA wako wapi?

#38 Mkemia wa Iyunga
TFDA haipo, 2019 ikawa TMDA, wamebaki na dawa na vifaa tiba. Vipodozi na chakula vilihamia TBS. Ukiwa na malalamiko ya krimu ni TBS. Wanaozisaka sana ni zenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi, maana hizo ndo zinachubua. Na tukiwa hapohapo, samahani dada Binti, sio kwamba nakushuku, lakini mtu aliyewahi kutumia krimu za kuchubua ngozi inakuwa nyembamba na kavu, faundesheni yoyote itameguka juu yake.

#39 Binti wa Uyole
Kaka Mkemia mimi sijawahi. Weusi wangu ni wa kwa bibi Busokelo, haujaguswa.

#40 Mkemia wa Iyunga
Ndaga, asante. Nimeomba radhi mapema.

#41 Parachichi la Njombe
Tinti tumeisahau jamani. Dada aliuliza vitu viwili.

Mimi tinti nimezitumia sana, za maji na zile za velveti. Tinti sio lipstiki, haikai juu ya mdomo, inaingia kwenye ngozi kama doa la zambarau kwenye shati la shule. Sasa mdomo wa Njombe mwezi wa saba ni kama gome la mti, magamba yamesimama, na gamba lililokufa linakunywa rangi kuliko ngozi nzima. Unapata mabaka. Nachofanya mimi: usiku napaka mgando mdomoni nilale nao (Fundi hapa mgando ruksa), asubuhi nasugua taratibu na kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, nakausha vizuri, napaka tinti kidogo SANA katikati ya mdomo wa ndani, nagusagusa na kidole kwenda nje. Nasubiri kidogo ndo naongeza mafuta ya mdomo juu. Ukianza na mafuta, tinti haiingii.

Na Wakorea wenyewe hawajazi mdomo mzima, wanaweka rangi katikati inafifia kwenda pembeni.

#42 Ulanzi Mbichi
Yaani kama mtoto aliyekula zambarau akakana.

#43 Parachichi la Njombe
Ndio, hivyohivyo, na wanalipia.

#44 MamaGift wa Mafinga
Nyie watoto mnaongea kama tinti imekuja juzi. Sisi enzi zetu kulikuwa na lipstiki ya kijani, kijani kabisa kama mboga, ukipaka mdomoni inageuka pinki na haitoki hata ule ugali na maharage, unaamka nayo kesho yake. Mama yangu alinichapa kwa kudhani nimepaka rangi ya viatu. Tulikuwa tunaambiwa inageuka kwa sababu ya damu yako, mwenye wivu inakoza zaidi. Dada wa jirani yetu yake ilikuwa inakoza mpaka zambarau na kweli alikuwa na wivu.

#45 Mkemia wa Iyunga
Mama heshima yako. Kijani ni rangi ya nje tu, ndani kuna rangi nyingine inayoitwa Red 27, ikiwa kwenye nta haionekani, ikikutana na unyevu wa mdomo inawaka pinki. Tinti na mafuta ya mdomo ya Kikorea yanayobadilika rangi wanatumia mbinu hiyohiyo. Wivu haumo.

#46 MamaGift wa Mafinga
Wewe hukumjua yule dada.

#47 Chai ya Rungwe
😂😂 Mama tuanzishie uzi wa yule dada.

#48 Binti wa Uyole
Wadau nimerudi. Nimempigia dada. Kusheni yake karatasi ya chini yenye namba ilishabanduka, haikumbuki namba. Anachokumbuka aliwaambia wampe "iliyoiva kuliko zote". Na kanikumbusha siku ile kabla ya kunipaka alininawisha akanipaka kitu cha majimaji mara mbili halafu sanskrini. Mimi nilikuwa naangalia simu sikuona.

#49 Mkemia wa Iyunga
Iliyoiva kuliko zote. Sina la kuongeza.

#50 Parachichi la Njombe
Kitu cha majimaji mara mbili. Na mimi sina la kuongeza.

#51 Fundi Mekapu Miomboni
Na hakuweka mgando wala poda. Kesi niliifunga namba 7.

#52 Mzee wa Kitonga
Na ilikuwa Dar, usawa wa bahari. Nawasalimu.

#53 Fundi Mekapu Miomboni
Anko wewe tutakupiga faini 😂

Haya dada, sendofu imekaribia. Usinunue nyingine. Siku hiyo nawa na sabuni laini isiyokausha, uso ukiwa na unyevu bado paka losheni ya uso nyepesi, subiri dakika kumi, nywa chai. Kusheni gonga kidogo sana katikati ya uso tu, paji, pua, chini ya macho, mashavu ya ndani. Pembeni waachie ngozi yako. Ile 23 ichanganye na faundesheni ya rangi yako, tone moja, nyuma ya kiganja, hata ile ya bei rahisi ya Sokomatola. Poda ya mtoto mrudishie mtoto.

Na fanya jaribio kesho: shavu la kulia kwa losheni, la kushoto kwa mgando, nenda nalo kazini.

#54 Mpiga Debe Kabwe
Bosi akikuona na mashavu mawili tofauti atakupa ruhusa ya siku tatu.

#55 Binti wa Uyole
Majibu ya jaribio. Nilifanya Jumamosi ya kazi nusu siku. Saa mbili na nusu asubuhi shavu la kulia (losheni) safi, la kushoto (mgando) limeshahama lipo kwenye kola. Saa nne la kulia nalo likaanza kupauka ila haliku­meguka. Saa sita yote mawili kijivu, la kulia kijivu nyororo, la kushoto kijivu cha mabonde. Sasa mnijibu, kumeguka ni mgando, na kijivu je?

#56 Mkemia wa Iyunga
Titani.

#57 Parachichi la Njombe
Baridi. Asubuhi saa mbili ilikuwa safi, ingekuwa titani ungekuwa kijivu kuanzia kwenye kioo.

#58 Kipunji
Parachichi ana hoja hapo. Kusheni ikiwa mbichi ina maji na silikoni nyepesi inayopaa hewani, zikiwepo ule utando unapitisha mwanga, vikiondoka unga unabaki unaonekana. Hewa kavu inaharakisha. Kwa hiyo mnaweza kuwa mnaongelea kitu kimoja mmeshika ncha mbili.

#59 Mkemia wa Iyunga
Usitupatanishe Kipunji, nilikuwa nashinda.

#60 Mjukuu wa Loleza
Mimi na BB krimu yangu ya Ujerumani tunawaangalia.

#61 Binti wa Uyole
Nimetoka sendofu, naandika nikiwa kitandani miguu inauma.

Nilifuata ya Fundi, nikachanganya na faundesheni ya elfu nane. Tukuyu mnaijua, mvua ya rasharasha tangu mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, hema limelowa. USO HAUKUPAUKA. Kuanzia saa kumi mpaka saa tano usiku unang'aa, mama wa bibi harusi kaniuliza natumia sabuni gani. Tinti kwa njia ya Parachichi imekaa mpaka baada ya pilau, katikati imefifia kidogo nikaongezea chooni.

Sasa balaa picha. Mpiga picha kaleta zile za flashi, watu wote wamependeza, mimi nina uso mweupe na shingo ya kwetu. Nimekaa katikati ya picha kama mshumaa.

#62 Parachichi la Njombe
Tukuyu kuna unyevu, haikupauka. Naomba uzi ufungwe.

#63 Mkemia wa Iyunga
Flashi, titani, mshumaa. Usifungwe.

#64 Fundi Mekapu Miomboni
Hakuna mgando hakuna poda, haikupauka. Na shingo mbona hukuipaka? Nilisahau kusema shingo, hiyo ni yangu.

#65 Mzee wa Kitonga
Tukuyu iko chini kuliko Mbeya. Mtanikumbuka.

#66 Ulanzi Mbichi
Mimi niliyekuja kutafuta makochi nimebaki mpaka mwisho na sasa najua titani. Mke wangu kaniuliza nasoma nini nikamwambia biashara.

#67 MamaGift wa Mafinga
Matroni tupia picha tuone mshumaa.

#68 Binti wa Uyole
Sitaki 😂 Ndaga fijo wote, mmenisaidia sana ingawa hamjakubaliana hata kimoja. Wiki ijayo dada ananitumia iliyoiva na basi. Hii 23 ina robo tatu ndani, naiachia kwa elfu 20, aliye Mbeya mjini.

#69 Chai ya Rungwe
Dada niwekee mimi. Mwezi wa kumi natimiza 23.